SOMO LA AFYA: MTOTO ALIYEUNGUA AKIPATA HOMA



Mafiga yetu yako chini, na mtoto anayejifunza kutembea hucheza karibu na sufuria ya uji. Jeraha kubwa la moto tunaliogopa sote. Jeraha dogo tunalidharau. Somo la leo ni juu ya hilo dogo.

Je, jeraha dogo linawezaje kuua?

Ngozi ni ukuta wa mwili. Ikiungua, vijidudu hupata mlango. Kuna bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye huishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi bila kuwadhuru. Akiingia katika kidonda cha moto, anaweza kutoa sumu inayosambaa kwa njia ya damu. Watu wazima wengi wana kinga dhidi ya sumu hiyo. Mtoto mdogo mara nyingi hana.

Dalili

Mara nyingi huanza siku ya 2 hadi ya 4 baada ya kuungua:
- homa kali, digrii 39 au zaidi;
- kutapika na kuharisha;
- upele mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani upesi, kwa hiyo tazama pia macho, midomo na ulimi kama vimekuwa vyekundu;
- kulegea, kusinzia, kukataa kunyonya, kukojoa kidogo.

Angalia sana: kidonda chenyewe huweza kuonekana kisafi, bila usaha wala harufu. Ndiyo maana mzazi husema, "Ni malaria," au "Ni meno," akampa mtoto vidonge vilivyobaki nyumbani. Hali yaweza kuharibika kwa saa chache. Usingoje asubuhi. Mpeleke kwenye matibabu mara moja, na jambo la kwanza kumwambia mganga liwe hili: "Mtoto huyu aliungua siku fulani." Malaria atapimwa, lakini na kidonda kitatazamwa. Akiwahi, atasafishwa kidonda, atapewa maji ya mishipa na dawa za kuua bakteria.

Siku ya kuungua fanya hivi

1. Mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usitumie barafu. Vua nguo isiyonata, na sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi.
2. Usipake mawese, dawa ya meno, yai, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Udongo na kinyesi huweza kuleta pepopunda.
3. Usipasue malengelenge.
4. Funika kwa kitambaa kilichofuliwa na kukauka. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.
5. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda.

Maswali ya kuzungumza na majirani

1. Mtoto aliungua Jumatatu, Jumatano ana homa na anaharisha, lakini kidonda ni kisafi. Utafanya nini?
2. Utamwambia nini mganga kwanza?

Asiyejua kusoma, msomee.