Kidonge cha Nafaka Hakilali Chumbani
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya zinazohifadhi mahindi na kunde

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkoani Tabora, mahindi yaliyohifadhiwa vizuri tu yalianza kugeuka vumbi vihengeni. Mdudu mgeni mwenye asili ya Amerika ya Kati alikuwa ameingia nchini. Wakulima wakamwita dumuzi. Wengine wakamwita skania, kama lile lori. Mapambano dhidi yake ndiyo yaliyowazoesha wengi kupukuchua mapema na kuchanganya punje na dawa ya unga. Siku hizi madukani ipo pia dawa isiyochanganywa na kitu: kidonge cha kijivu ambacho mtu huweza kuuziwa hata kimoja, kimefungwa kwenye karatasi. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kidonge hicho.

Kidonge kinavyoua

Ndani yake mna alumini fosfidi. Ikikutana na unyevu wa hewa, hutoa gesi iitwayo fosifini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi, polepole, kwa saa nyingi au hata siku kadhaa, kisha hubaki majivu.

Gesi hiyo haina rangi, na hupenya hadi ndani ya punje. Huo ndio ubora wake, maana adui mkubwa haonekani. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai na kuziba tundu. Buu hula na kukua humo humo, na wiki kama tano baadaye hutoka fukusi kamili. Kwa hiyo fukusi unaowaona wakitembea juu ya gunia ni wachache tu kati ya waliomo.

Gesi ikimwingia mdudu, huzuia seli zake kuitumia oksijeni kutengeneza nguvu. Anavuta hewa, lakini haimfai kitu. Mayai na pupa hupumua kidogo sana, hivyo ndiyo yanayochelewa kufa, na ndiyo sababu wafukizaji hufunga shehena kwa siku 7 au zaidi, hasa penye baridi.

Seli za binadamu hutumia oksijeni kwa njia hiyo hiyo. Fosifini haina namna ya kumbagua fukusi na mtoto aliyelala.

Kiroba hakishiki gesi

Tunajua inavyokuwa. Gunia moja au mawili ya chakula, wezi wapo, basi kiroba kinawekwa chumbani, na kidonge kinatumbukizwa ndani. Kiroba cha kusukwa kinavuja kila upande. Gesi hupungua kabla mayai hayajafa, kwa hiyo baada ya wiki chache wadudu wanarudi, na waliosalimika huzaa kizazi kisichojali dawa. Usugu wa namna hiyo umekwishaonekana katika nchi nyingi. Gesi iliyotoka nayo huenda kwa waliolala. Ni nzito kidogo kuliko hewa, na hupita kwenye nyufa za ukuta hadi chumba cha jirani.

Wengine husema wataisikia harufu. Ni kweli mara nyingi hunuka kama kitunguu saumu au kabaidi, lakini harufu hiyo hutokana na uchafu uliochanganyika nayo. Fosifini safi hainuki, na pua si kipimo.

Msimamo wetu ni kwamba kidonge hiki hakina nafasi ndani ya nyumba ya kuishi, hata kwa mtu mwangalifu. Ni kazi ya wafukizaji wenye kibali, wenye turubai lisilopitisha gesi, barakoa maalumu na kifaa cha kupima hewa, kwenye ghala lililo mbali na watu. Zamani maghala makubwa yalitegemea pia methili bromidi, lakini Mkataba wa Montreal umeiondoa, isipokuwa kwa shughuli kama karantini ya mizigo, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Fosifini imebaki na mzigo karibu wote. Tukiizoesha kwa wadudu kupitia viroba vinavyovuja, hatuna nyingine ya bei hiyo ya kukimbilia.

Karafuu, kivumbasi na mchaichai

Mafuta yanayokenekwa kutoka kwenye mimea yenye harufu kali huua kwa njia inayofanana kidogo: nayo hugeuka mvuke, na mvuke humwingia mdudu kupitia matundu ya ubavuni. Tofauti ni pale yanapogonga. Mengi huvuruga mishipa ya fahamu. Yugenoli, iliyojaa kwenye karafuu na makonyo ya Pemba, hugusa mfumo wa oktopamini ambao wadudu wanautegemea sana, na sisi karibu hatuutumii. Kafuri ya baadhi ya vivumbasi na sitrali ya mchaichai nazo hufukuza wadudu, na zikiwa nyingi huwaua.

Hata hivyo tusidanganyane. Matokeo mazuri ya maabara hupatikana ndani ya chupa iliyofungwa kabisa. Majani ya kivumbasi juu ya kiroba hufukuza baadhi ya wadudu kwa siku chache, kisha harufu inakwisha, na buu aliye ndani ya punje hana habari. Pia "ya asili" si sawa na "salama": mafuta ya karafuu, mtoto akiyanywa hata kidogo, huweza kumuumiza ini. Yawekwe mbali naye kama dawa nyingine.

Kwa kunde za chakula ipo njia tunayoipenda zaidi, nayo haihitaji harufu. Mdudu wa kunde hubandika mayai juu ya ganda. Changanya kilo moja ya kunde kavu na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia hadi zote zing'ae. Mayai hukosa hewa. Usizifanyie hivyo mbegu za kupanda.

Mahindi yafungwe bila sumu

Mifuko ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa, au pipa la chuma lenye mfuniko unaobana, hufanya kazi ambayo kiroba hakiwezi. Wadudu walio ndani humaliza oksijeni wenyewe, huacha kula, na hufa. Sharti ni mahindi kukauka. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha itulie: chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ukifunga mabichi utafuga ukungu na sumukuvu, ambayo hata fosifini haiiondoi.

Mtu akivuta gesi au akimeza kidonge

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kifua kubana na kupumua kwa shida, katika nyumba yenye kidonge, ni dharura. Toeni watu wote nje, hata wasioumwa, na msirudi kuchukua vitu. Mvue mgonjwa nguo za juu kama zina vumbi la dawa. Aliyemeza asitapishwe na asipewe maji wala maziwa. Matapishi yake nayo hutoa gesi, kwa hiyo anayemhudumia asiyainamie. Usimwage maji juu ya vidonge, huweza kuwaka moto. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hii mwilini, na kinachookoa ni kuwahi hospitali. Mwambie mhudumu mapema kwamba ni kidonge cha nafaka, na kilimezwa au kilifunguliwa saa ngapi.