ELIMU KWA UMMA: Stima ya Jua Hutosha Ikipangiwa Bajeti

Familia nyingi za Kinango na Lunga Lunga zinazoishi mbali na nyaya za stima hutegemea paneli moja ya sola. Lalamiko la kawaida ni kwamba betri huisha usiku, mtoto hajamaliza kazi ya shule, au simu imezima wakati mama mjamzito anahitaji gari la kumpeleka hospitali. Mara nyingi kinachokosekana ni hesabu.

Mapato ya siku
Paneli ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa 5 hutoa wati-saa 250. Ukiondoa kinachopotea kwa joto, vumbi, waya na betri, hesabu takriban 175.

Matumizi ya siku
Zidisha wati za kifaa kwa saa unazokitumia:

- Balbu 3 za wati 5, saa 4: 60
- Simu 2: 40
- Redio ya wati 5, saa 6: 30
- Televisheni ya wati 20, saa 3: 60

Jumla ni 190. Nyumba hii ina deni la 15 kila siku, na betri ndiyo inayolilipa. Ukipunguza televisheni kwa saa moja, jumla inashuka hadi 170 na deni linakwisha.

Siku za mawingu ya masika, mapato yanaweza kushuka hadi nusu, yaani kama 87. Hapo zima televisheni na redio, washa balbu kwa saa 3 (45) na uchaji simu (40). Jumla ni 85. Mwanga wa kusomea na simu ya dharura ndivyo vya kwanza.

Kazi za nyumbani zifuate jua
- Chaji simu na taa za mkononi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri.
- Roweka maharagwe usiku, uyapike mapema, na chakula cha jioni kiive kabla ya giza.
- Tumia pasi ya makaa. Pasi ya stima ya wati 1,000 hula wati-saa 167 kwa dakika 10 tu, karibu mapato ya siku nzima.

Utunzaji
Panguza paneli kwa kitambaa chenye maji alfajiri, kabla haijapata moto. Kata matawi yanayoitia kivuli. Hata kivuli kidogo hupunguza stima sana. Betri ya asidi usiitumie kupita nusu, kwani ikizoea kukaushwa hufa mapema.

Unaponunua mtambo, tumia fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, na udai risiti na dhamana kwa maandishi.

Zoezi: Leo jioni, andikeni pamoja na watoto kila kifaa, wati zake na saa zake. Je, jumla inazidi mapato ya paneli yenu? Kubalianeni kitakachozimwa kwanza.