SOMO: TUMBAKU NA AMANA YA WATOTO WETU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), jua, ewe ndugu yangu Muislamu, ya kuwa somo hili si la kumtukana mvutaji, bali ni la kumwokoa mwanawe.

Tumbaku asili yake ni mmea wa bara la Amerika, nao haukuenea katika nchi za Kiislamu ila karibu na mwaka 1600. Kwa hivyo wanavyuoni walikhitalifiana katika hukumu yake. Sheikh Abdulghani Nabulsi wa Sham, aliyefariki mwaka 1731, alitunga kitabu cha kuihalalisha. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, Sheikh Qalyubi aliiharimisha kwa ajili ya dhara zake. Basi kiini cha khitilafu kilikuwa ni hiyo dhara: ipo au haipo?

Leo suala hilo limekwisha jibiwa. Mwaka 1950 madaktari wa Uingereza na wa Marekani walionyesha kuwa sigara na saratani ya mapafu hufuatana, na uchunguzi uliofuata ukathibitisha. Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta kabisa, waliouvuta moshi wa wenzao nyumbani. Wala asidhani mtafunaji wa kuberi, au atiaye tumbaku katika tambuu yake, kuwa yeye amesalimika: hiyo huleta saratani ya kinywa. Na Mola wetu, katika Suratul Baqara, aya ya 195, ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu.

Sasa tuulizane: ni nani amfundishaye kijana tumbaku? Twawalaumu rafiki zake, na twamlaumu mwenye duka. Lakini ni nani aliyempa fedha mtoto wa miaka minane akamwambia, "Nenda kaniletee sigara"? Sheria ya Kenya ya mwaka 2007, na ya Tanzania ya mwaka 2003, zakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18; nasi twamtuma sisi wenyewe! Akili ya kijana haijakomaa bado, na nikotini huishika upesi kuliko ya mtu mzima. Wengi wa wavutaji walianza wakali wadogo.

Huenda mtu akasema: "Nimekwisha zoea, siwezi kuacha."

Jawabu: Ewe ndugu yangu, katika Ramadhani huiachi tangu alfajiri hata magharibi, kwa ajili ya Mola wako? Basi uwezo unao. Lakini mwanao hukutazama jua likichwa: wewe wafungua kwa tende au kwa sigara? Hilo ndilo somo alishikalo, kuliko maneno yako yote. Ni kweli kuwa siku za kwanza ni nzito. Basi mwendee daktari, kwani kutafuta dawa si aibu.

Na asiyeweza kuacha leo, naafanye haya matatu: asimtume mtoto tumbaku, asivute nyumbani wala barazani mbele ya vijana, na amwambie mwanawe kwa ulimi wake, "Mimi nimekosea, wewe usinifuate." Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na vizazi vyetu. Amin.