Mshono wa Mkono na Ndoo ya Maji

Mtu aliyepungua kilo nyingi mara nyingi hubaki na ngozi inayoning'inia chini ya mikono. Mazoezi hayaondoi ngozi hiyo, ndiyo maana wengine hufanyiwa upasuaji wa kuikata. Mshono hupita upande wa ndani wa mkono, aghalabu kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko. Mgonjwa hurudi nyumbani kwa miguu yake, anaongea na kucheka, na watu wa nyumbani husahau kwamba ana vidonda viwili virefu.

Ogopeni ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, na mgonjwa huyu kwa kawaida haruhusiwi kuinua zaidi ya kilo 2 au 3 kwa wiki 4 hadi 6, au hadi daktari wake aseme. Kusonga ugali, kukamua nguo, kupiga deki, yote hayo yapate mtu mwingine. Mtoto akimlilia mama, mama akae kwanza, kisha mtoto awekwe mapajani. Wala msingoje aombe. Wengi wetu tunaona haya kulala wenzetu wakipika.

Lakini asilale kutwa nzima. Atembee kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, damu isije ikaganda miguuni. Vidole na viwiko avikunje na kuvikunjua, na bega alisogeze kama alivyoelekezwa, maana likiachwa hukakamaa. Usiku alale chali, mikono juu ya mito. Nguo ziwe za vifungo mbele.

Msimkande

Mila ya kukanda kwa maji ya moto ina wapenzi wengi, hasa mabibi. Hapa haifai. Baada ya upasuaji huu ngozi ya mkono inaweza kuwa na ganzi kwa wiki au miezi, na ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi. Asali, majivu na dawa ya meno navyo vikae mbali na mshono.

Kwapa ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu ya jasho. Akisharuhusiwa kuoga, paoshwe kwa maji safi na sabuni, pakaushwe kwa kitambaa safi bila kusugua. Asinyoe wala kupaka marashi hadi kidonda kifunge. Vazi la kubana avae kama alivyoagizwa. Vidole vikipoa au kubadilika rangi, limebana mno, apigiwe daktari.

Wekundu unaosambaa, usaha, harufu, homa ya nyuzi 38 au zaidi, mkono mmoja kuvimba ghafla: aonwe siku hiyo hiyo. Kigimbi kuuma na kuvimba, kifua kubana au pumzi kukatika: hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku.

Namba ya simu ya kliniki iandikwe kwa tarakimu kubwa na kubandikwa ukutani jikoni, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisoma.