Kwa Nini Mabaki ya Mgodi wa Kilembe Bado Yanachafua Maji

Swali: Uchimbaji wa shaba Kilembe, magharibi mwa Uganda, ulisimama mnamo 1982. Mbona mabaki yake bado huchafua maji?

Jibu: Chanzo ni pairiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya dhahabu, ambayo ndani ya mwamba hayakufikiwa na hewa, lakini yaliposagwa na kurundikwa kando ya mto Nyamwamba yalianza kuungana na oksijeni na maji na kutoa asidi ya salfuriki, kazi inayoharakishwa na bakteria wanaojipatia nishati kutokana na chuma. Kwa kuwa pairiti ya huko imebeba kobalti, asidi haitoki peke yake. Wakati wa kiangazi unyevu hupanda juu ya lundo, hukauka na kuacha ukoko wa chumvi za salfeti unaohifadhi metali kwa muda tu, kwani mvua za mwanzo huuyeyusha. Sampuli za maji zinazochotwa kiangazi pekee, kwa hiyo, hupotosha. Chokaa hupunguza asidi na kuitenga shaba na maji mapema, ilhali kobalti hubaki imeyeyuka mpaka maji yawe na ubesi wa kutosha.