Pazia Limeshushwa, Pesa Ziko Wapi? Hatua za Kudai Rejesho la Tiketi

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye tiketi ya mchezo wa jukwaani, jumba limefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko, naye hajui kama ataketi kwenye kiti chake au atarudishiwa pesa. Mfano ni Broadway, New York, ambako majumba yote 41 yalifungwa saa 11 jioni tarehe 12 Machi 2020. Jioni hiyohiyo mchezo wa Six ulikuwa uzinduliwe. Ulikuja kuzinduliwa tarehe 3 Oktoba 2021.

Maneno manne yatarudiwa, na maana zake hazitabadilika. Mchezo ni kazi nzima, mathalani The Lion King. Onyesho ni mchezo huo kwa siku moja na saa moja, ile iliyoandikwa kwenye tiketi yako. Muuzaji ni yule aliyepokea pesa yako, si lazima awe mwenye jumba. Rejesho ni pesa kurudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Vocha si rejesho.

Andaa vifaa hivi: barua pepe ya uthibitisho wa ununuzi, taarifa ya benki ya mwezi ule ulionunua, kalenda inayoonyesha mwaka mzima, daftari na bahasha moja. Tenga saa moja na nusu kwa hatua nne za kwanza.

Hatua ya 1. Tambua muuzaji.
Fungua taarifa ya benki, tafuta mstari wa malipo, nakili jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Kisha linganisha na jina lililo kwenye barua pepe. Majina yakitofautiana, linalokuhusu ni la benki.

Sasa mweke muuzaji katika kundi moja kati ya matatu: dirisha la tiketi la jumba lenyewe, wakala rasmi, au soko la mkono wa pili, yaani walanguzi na mitandao yao. Ukiwa kundi la tatu, usipoteze muda kulipigia simu jumba. Jumba humrudishia mnunuzi wa kwanza, kwenye kadi yake, kwa bei iliyochapishwa. Wewe uliyelipa zaidi ya hapo unadaiana na soko, na ni huko utakakopeleka dai.

*Hakiki:* umeandika jina moja na kundi moja. Ukiandika "nadhani", rudia.

Hatua ya 2. Hifadhi ushahidi kabla hujamwambia mtu yeyote neno.
Piga picha ya skrini ya tiketi, ya ukurasa wa onyesho, na ya masharti ya marejesho kwenye tovuti ya muuzaji. Kila picha ionyeshe tarehe. Chapisha masharti hayo kwenye karatasi, uyatie ndani ya bahasha.

Hapa nitachepuka kidogo. Dada yangu anaishi Jersey City. Januari 2020 alimnunulia Mama, aliyekuwa aje kutoka Tanga, tiketi ya Jumamosi tarehe 18 Aprili, pamoja na zake mbili. Masharti ya muuzaji aliyoyasoma Januari yalimwahidi rejesho hata onyesho likiahirishwa. Aliporudi kuyasoma mwezi Aprili, sentensi ilikuwa ileile ila fupi zaidi: neno "kuahirishwa" limenyofolewa. Hakuwa na picha. Alibaki na kumbukumbu, na kumbukumbu haiambatanishwi kwenye barua pepe.

*Hakiki:* funga intaneti, kisha jaribu kuzifungua picha zako. Zikifunguka, umezihifadhi kweli.

Hatua ya 3. Tenga maneno matatu ambayo matangazo huyachanganya.
Kusitishwa: maonyesho yamesimama, hakuna aliyesema lako litakuwa lini. Kuahirishwa: onyesho lako limepewa tarehe nyingine, au umeahidiwa kuwa itatajwa. Kufutwa: onyesho lako halitakuwapo. Ni hili la tatu ambalo kwa wauzaji wengi hufungua mlango wa rejesho bila ubishi, ndiyo maana baadhi yao hulikwepa kama deni.

Soma tangazo ukiwa na kalamu mkononi. Pigia mstari kitenzi, kisha uliza: kinahusu mchezo au onyesho? Mchezo unaweza kuendelea kuwa hai huku onyesho lako limekufa. Uthibitisho ni ngazi hii ya Broadway. Tangazo la kwanza lilisimamisha maonyesho hadi tarehe 12 Aprili 2020. Tarehe 8 Aprili ukomo ukasogezwa hadi 7 Juni. Tarehe 12 Mei, hadi 6 Septemba. Tarehe 29 Juni, hadi 3 Januari 2021. Tarehe 9 Oktoba, hadi 30 Mei 2021. Mama alipigiwa simu kila ngazi, na ya tatu ndiyo iliyomchosha: "Kumbe hii tarehe ina miguu!"

Zingatia kwamba kila ngazi ilifuta kundi jipya la maonyesho. Tiketi ya 18 Aprili ilikuwa salama kwa tangazo la kwanza, ikaanguka kwa la pili. Tiketi ya 10 Agosti iliendelea kuonekana nzima hadi la tatu. Mchezo nao unaweza kufa moja kwa moja: Frozen ulitangazwa tarehe 14 Mei 2020 kwamba hautarudi. Mwenye tiketi ya Frozen hakuwa na haja ya kusubiri ngazi yoyote baada ya siku hiyo.

Neno jingine la kuchunguza ni amri dhidi ya ushauri. New York ilipata amri ya gavana iliyozuia mikusanyiko ya zaidi ya watu 500. London, tarehe 16 Machi 2020, serikali iliwashauri watu tu wasiende kwenye majumba ya michezo. Majumba yalijifunga yenyewe jioni ile, na agizo la kufunga likaja tarehe 20. Kama una bima ya safari au ya tiketi, siku hizo nne si ndogo. Bima huuliza nani alifunga.

*Hakiki:* kamilisha sentensi hii kwa maandishi: "Onyesho langu la tarehe ___ saa ___ lime___ kwa tangazo la tarehe ___." Nafasi ikibaki wazi, onyesho lako bado halijaguswa. Rudi kwenye hatua hii tangazo jipya likitoka.

Hatua ya 4. Hesabu saa za benki.
Hii ndiyo hatua niliyoandikia mwongozo mzima. Tarehe ya jumba hutembea, ukomo wa benki hautembei nayo.

Pingamizi la muamala ni ombi kwa benki iliyokupa kadi, likisema: nililipa, huduma haikutolewa, rudisheni pesa. Lina ukomo. Marekani kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu makosa katika ankara za kadi za mkopo: mteja anatakiwa kuandika ndani ya siku 60 tangu itumwe taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Kuna pia kanuni za mitandao ya kadi yenyewe, ambazo kwa kawaida hutoa siku 120 tangu siku huduma ilipotarajiwa, lakini zisivuke siku 540 tangu siku ya kulipa.

Weka tarehe za tiketi ya Dada. Alilipa tarehe 20 Januari 2020. Taarifa ya benki ikatumwa tarehe 5 Februari. Onyesho: 18 Aprili.

Siku 60 tangu 5 Februari huisha tarehe 5 Aprili 2020. Tazama ngazi ya Hatua ya 3: tangazo lililoligusa onyesho lake lilitoka tarehe 8 Aprili. Kwa hiyo, ukiisoma sheria kwa ukali, dirisha lake lilifungwa siku 3 kabla hajajua ana kitu cha kudai. Siku 120 tangu 18 Aprili huisha tarehe 16 Agosti 2020. Hilo ndilo dirisha lililobaki wazi. Siku 540 tangu 20 Januari 2020 (mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29, usisahau) huisha tarehe 13 Julai 2021. The Lion King, Hamilton, Wicked na Chicago zilirudi jukwaani tarehe 14 Septemba 2021. Aliyesubiri kwa adabu hadi majumba yafunguliwe ndipo adai, alikuta kila ukomo umepita.

Andika tarehe zako tatu za ukomo kwenye kalenda kwa wino mwekundu. Kisha ondoa siku 10 kutoka kila moja, uandike tarehe hiyo kwa wino wa bluu. Utafanya kazi kwa bluu.

*Hakiki:* hesabu siku kwa kidole kwenye kalenda, si kichwani. Mpe mtu mwingine ahesabu. Majibu mawili yakitofautiana, hesabuni upya nyote.

Hatua ya 5. Omba rejesho kwa maandishi.
Ifanye siku ileile onyesho lako linapoguswa. Simu haihesabiki. Barua pepe iwe na mambo matano tu: namba ya oda, tarehe na saa ya onyesho, kiasi ulicholipa pamoja na ada zote, tangazo lililoligusa na tarehe yake, na ombi lenyewe. Ombi liandike hivi: "Naomba rejesho kamili kwenye kadi iliyolipa. Sikubali vocha wala tarehe mbadala." Hadithi ya Mama na safari yake usiitie. Inamfurahisha msomaji, haimsaidii karani.

Muuzaji akikutumia kiungo chenye kitufe cha kukubali, usikibonyeze kabla ya kusoma kitakachofuata. Kubonyeza mara nyingi ni kukubali vocha.

*Hakiki:* una nakala ya barua kwenye "Zilizotumwa", na umeandika daftarini siku na saa.

Hatua ya 6. Pima vocha, kama sheria ya nchi inakulazimisha kuipokea.
Ujerumani, kwa sheria ya Mei 2020, mwandaaji aliruhusiwa kutoa vocha badala ya pesa kwa tiketi zilizonunuliwa kabla ya tarehe 8 Machi 2020. Vocha isiyotumika hadi tarehe 31 Desemba 2021 iligeuka kuwa haki ya pesa taslimu. Ukiwa katika hali kama hiyo, andika tarehe ya mgeuko kwenye kalenda, uende Hatua ya 8. Kwingine, shikilia ombi lako la Hatua ya 5, uende Hatua ya 7.

Hatua ya 7. Fungua pingamizi.
Subiri siku 14 tangu barua ya Hatua ya 5. Jibu lisipokuja, au likija la kukuzungusha, nenda benki kabla ya tarehe ya bluu. Peleka bahasha nzima. Kwa kadi ya mkopo ya Marekani, benki inatakiwa kukiri kupokea barua yako ndani ya siku 30 na kumaliza shauri ndani ya mizunguko miwili ya ankara, isizidi siku 90.

Uingereza kuna njia ya ziada: kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 humfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji, endapo bei ya kitu kimoja inazidi pauni 100 na haivuki 30,000. Tiketi tatu za pauni 60 hazifikii, hata jumla yake ikiwa 180. Wakala akiwa katikati, mnyororo huo unaweza kukatika. Uliza kabla ya kuutegemea.

Usifungue pingamizi kama muuzaji ameshaandika kwamba rejesho liko njiani. Madai mawili juu ya pesa moja husimamisha yote mawili.

*Hakiki:* una namba ya shauri kutoka benki. Jina la karani peke yake halitoshi.

Hatua ya 8. Soma tangazo la ufunguzi kwa kisu, kama umechagua kusubiri.
"Maonyesho yamesimamishwa hadi 30 Mei" haimaanishi "tunafungua 31 Mei". Ni ukomo wa chini, si ahadi. Tangazo lenye uzito linataja jumba, onyesho la kwanza na siku ambayo tiketi zinaanza kuuzwa. Hata baada ya kufunguliwa, usinunue nauli isiyorudishwa kwa ajili ya onyesho moja: Desemba 2021, Omikron, aina mpya ya virusi vya korona, ilipoenea, maonyesho ya Broadway yalifutwa saa chache kabla ya pazia kupanda. Ukifutiwa namna hiyo, anza tena Hatua ya 2.

Hatua ya 9. Linganisha rejesho na malipo, senti kwa senti.
Fungua taarifa ya benki kila wiki. Kadi ikiwa imebadilishwa tangu ununue, ipigie simu benki, kwa sababu pesa huelekezwa kwenye namba ya zamani. Weka kiasi kilichorudi chini ya kiasi kilichotoka, toa. Tofauti ikiwa sifuri, andika "imefungwa" juu ya bahasha pamoja na tarehe. Isipokuwa sifuri, tafuta ada ya huduma na ada ya kutuma tiketi, ndizo huachwa nyuma, kisha rudia Hatua ya 5 kwa kiasi hicho pekee.

Dada alirudishiwa bei za tiketi tatu mwezi Julai. Ada za huduma hazikuja. Aliandika tena tarehe 3 Agosti, siku 3 kabla ya tarehe yake ya bluu, na zikaja.