SOMO: Kuwaalika Wasanii Walete Kazi Zinazogusa Maisha ya Jamii

Vikundi vingi tunavyofanya navyo kazi kati ya Kilwa na Lindi vinajua kuandaa sherehe. Jukwaa linajengwa, spika zinakodiwa, mgeni rasmi anaalikwa, na kila kikundi cha ngoma kinapewa dakika kumi. Jioni watu wanarudi nyumbani wamefurahi. Ukiuliza wiki mbili baadaye ni jambo gani lilizungumzwa siku ile, wengi watakutajia kikundi kilichocheza vizuri. Maneno yaliyoandikwa kwenye kitambaa cha jukwaa hayakumbukwi na mtu.

Katika somo hili tunaangalia tamasha la aina nyingine, ambalo wasanii wanaalikwa mapema walete mapendekezo ya kazi inayotokana na shida na matumaini ya watu wanaoishi nao. Tutajifunza kwanza kutokana na mambo yaliyofanyika hapa nchini, kisha tutapitia hatua za kuandaa mwaliko wenyewe. Somo limekusudiwa kwa kamati za vijiji, vikundi vya vijana na wanawake, viongozi wa dini zote, walimu na maafisa utamaduni.

Pwani yetu si ngeni kwa sanaa hii

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi, katika Wilaya ya Kilwa ya leo, mwezi Julai 1905. Miaka michache baadaye mshairi Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliyatungia utenzi mambo ya vita hivyo. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, akiitumia historia hiyo hiyo kuuliza maswali kuhusu umoja, imani na uongozi. Katika miji ya pwani vikundi vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana kwa nyimbo, mavazi na gwaride, na kwa njia ya mzaha watu walisema mengi kuhusu wakubwa wa zama hizo. Katika jando na unyago, nyimbo ndizo zinazofundisha.

Matamasha nayo yapo. Tamasha la Bagamoyo lilianza mwaka 1982, chini ya Chuo cha Sanaa ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Majirani zetu wa Mtwara walianzisha MaKuYa mwaka 2008, tamasha la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Kwa hiyo kamati inayotaka kuanza Kilwa au Lindi haianzi kutoka sifuri. Inachohitaji ni kujua namna ya kumwita msanii.

Kutangaza na kuuliza

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, ngonjera na vikundi vya sanaa vilitumika sana kueneza siasa ya ujamaa. Kazi hiyo ilifanyika kwa bidii, na shule nyingi zilikuwa na kikundi chake. Lakini ujumbe ulitoka juu ukiwa umeshakamilika. Msanii aliupokea, akautia vina na kuufikisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walijaribu njia nyingine. Walikwenda Malya, Wilaya ya Kwimba mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji na kuwauliza ni shida gani zinazowasumbua. Mambo ya vijana ndiyo yaliyojitokeza, pamoja na mimba za wanafunzi. Vijana wa hapo hapo walitunga michezo na nyimbo, wakatumia ngoma za Kisukuma wanazozijua, na baada ya kila onyesho watazamaji walijadili. Wanakijiji ndio waliokuwa wasanii, na majadiliano yalikuwa sehemu ya onyesho.

Hapa kwetu, katika miaka ya 1990, mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Lindi na Mtwara uliwapa watu wa pwani nafasi ya kusema mbele ya kamera ya video kuhusu uvuvi wa baruti. Mikanda ilionyeshwa vijijini na kwa viongozi, na wale waliozoea kusikia taarifa za maofisini wakawasikia wavuvi wenyewe. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa TUSEME, ambamo wasichana wa sekondari walichambua wenyewe vikwazo vya masomo yao na kuvionyesha kwa michezo ya kuigiza. Baadaye njia hiyo ilichukuliwa na shirika la FAWE na kupelekwa katika nchi nyingine za Afrika.

Mifano yote mitatu inatufundisha jambo moja. Swali lilitangulia, na mwenye shida alisema kwa kinywa chake. Ujumbe ulikuja mwishoni, baada ya watu kufikiri pamoja.

Hatua ya 1: Chagueni swali

Tuchukue mfano wa baruti. Kamati inaweza kuwaandikia wasanii: "Leteni nyimbo za kupinga uvuvi haramu." Zitakuja nyimbo ishirini zinazofanana. Kila mtu wa pwani anajua kwamba baruti imekatazwa na sheria, kwamba inavunja matumbawe na kuua samaki wachanga, na kwamba wapo waliopoteza mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baruti ilipungua sana kwa sababu ya doria na msukumo wa vijiji vyenyewe, ikarudi tena katika miaka ya 2000, na doria za miaka ya 2010 zikaipunguza kwa mara nyingine. Haikurudi kwa kukosa ujumbe.

Sasa kamati iulize hivi: "Kijana anayejua madhara ya baruti anaishika kwa sababu gani? Nani ananunua samaki wake, na nani anafumba macho?" Hapo msanii atalazimika kwenda sokoni na dago, kukaa na nahodha, na kusikiliza habari za deni la chombo na masharti ya tajiri. Hayo ndiyo yasiyozungumzwa hadharani, na ndipo sanaa inapopata kazi ya kufanya.

Hatua ya 2: Andikeni mwaliko unaoeleweka

Mwaliko utoshe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili rahisi, usomwe pia msikitini, kanisani, shuleni na kwenye mkutano wa kijiji. Utaje tarehe na mahali pa tamasha, siku ya mwisho ya kupokea mapendekezo, kiasi cha fedha kilichopo kwa kila kikundi, na nani atakayechagua. Kisha mwombaji ajibu maswali haya:

1. Swali gani la jamii mnataka kulishughulikia, na mmelisikia kwa nani?
2. Ni watu gani wanaohusika nalo, na watashiriki vipi katika kutunga?
3. Mtatumia sanaa gani: ngoma, mchezo wa kuigiza, vichekesho, ngonjera, taarabu, utenzi?
4. Mtaongozaje majadiliano baada ya onyesho?
5. Ni nani anayeweza kuumizwa na kazi hii, na mtamlindaje?
6. Mnahitaji nini: nauli, chakula cha mazoezi, vifaa?

Wapo mafundi wakubwa wa ngoma na mashairi wasioandika. Wakubaliwe kuja kueleza kwa mdomo, na mjumbe mmoja wa kamati aandike wanayosema na kuwasomea. Bila hivyo mtapokea mapendekezo ya walimu na vijana wa mjini peke yao.

Hatua ya 3: Fuateni kalenda ya watu

Wanawake wanaovua pweza hutoka wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Mazoezi yao yawekwe siku za maji mafu. Wenye mikorosho wana kazi nyingi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ramadhani iheshimiwe, vivyo hivyo Kwaresima. Toeni angalau miezi mitatu kati ya mwaliko na tamasha, kwa sababu mwezi wa kwanza ni wa kusikiliza, na anayetunga kabla ya kusikiliza atawaletea wimbo aliokuwa nao tangu zamani.

Hatua ya 4: Semeni wazi kuhusu fedha

Sehemu ya fedha itolewe mwanzoni. Kikundi kutoka Songosongo kinalipa nauli ya chombo kabla ya kupanda gari, wakati cha Kilwa Masoko kinakuja kwa miguu. Kuwapa kiasi kilekile ni kukiadhibu kilicho mbali. Mfadhili naye aambiwe mapema kwamba anachangia tamasha, na kwamba mchango wake haununui nyimbo za kumsifu.

Hatua ya 5: Chagueni kwa haki

Kamati ya uchaguzi iwe na mvuvi, mkulima, mama, kijana, mtu mwenye ulemavu, na mzee anayejua mila. Mwenye ndugu katika kikundi kinachojadiliwa atoke nje kwa muda. Msitafute jina kubwa. Angalieni kama kikundi kimekwenda kwa wahusika na kama kina swali la kweli. Waliokosa wapewe sababu, ili mwakani wajaribu tena.

Hatua ya 6: Lindeni watu na heshima zao

Katika kijiji cha pwani mwenye kosa ni jirani, shemeji au mwanao. Akitajwa jukwaani, msanii amejitia hatarini na mazungumzo yamekufa. Nabii Natani alipotumwa kwa mfalme Daudi alisimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika na kutoa hukumu kabla hajatambua kwamba anajihukumu mwenyewe. Wasanii watumie kijiji cha kubuni na majina ya kubuni, na wawaachie watazamaji hukumu.

Mambo ya unyago yana siri zake. Hata kama wimbo unafaa sana kwa mada ya mimba za utotoni, usipelekwe jukwaani bila makungwi kukubali. Mtoto asisimulie hadharani mambo yaliyompata yeye mwenyewe, na wazazi waridhie ushiriki wake. Kabla ya kurekodi ngoma ya kijiji, kubalianeni na wenyewe itatumika wapi na nani atafaidika.

Ofisi ya utamaduni ya halmashauri na serikali ya kijiji zijulishwe mapema, na vibali viombwe kwa wakati. Kiongozi akielezwa lengo tangu mwanzo, na akaalikwa kujibu maswali ya wananchi siku ya tamasha, hofu hupungua. Lakini kumjulisha kiongozi kusigeuke kumkabidhi kalamu ya kusahihisha igizo.

Hatua ya 7: Pangeni yatakayofuata

Onyesho la nusu saa lipewe nusu saa nyingine ya majadiliano. Mwongozaji aanze na wanaonyamaza, kwa kawaida wanawake na vijana walioketi nyuma. Mtu mmoja aandike yaliyosemwa, bila majina pale inapobidi. Maandishi hayo yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutana kila robo mwaka, na kwenye kamati ya rasilimali za pwani ikiwa mada ni bahari. Baada ya miezi mitatu wasanii warudi kuuliza nini kimebadilika. Kazi ya kurudi iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, la sivyo haitafanyika.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni jambo gani kila mtu analijua hapa kijijini, lakini halizungumzwi mkutanoni? Nani angeumia likizungumzwa, na nani anaumia kwa ukimya?
2. Fikirieni tamasha la mwisho mlilohudhuria. Nani aliamua kitakachosemwa?
3. Ni sanaa gani ya hapa inayoweza kubeba jambo zito bila kumvunjia mtu heshima?
4. Ni kina nani hawataupata mwaliko wetu tukiubandika ofisini tu? Tutawafikiaje?
5. Andikeni swali moja la tamasha kwa sentensi moja. Je, jibu lake mnalo tayari? Kama mnalo, tafuteni swali jingine.

Tunawashauri wenye nia ya kuandaa tamasha waanze na kijiji kimoja, swali moja na vikundi vitatu. Likifanyika vizuri, majirani watakuja kuomba kushiriki, na mtakuwa na la kuwaeleza.